Watoto wetu na majeraha ya vita: tuchague msaada gani?

Katika somo la leo tutaongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi hutuuliza baada ya ibada: mtoto wangu halali, au anapiga kelele usiku, au amenyamaza tangu tulipovuka mpaka, nimpeleke wapi?

Ni vema tuanze na kosa letu wenyewe. Siku moja katika darasa la watoto tuliwagawia karatasi na kalamu za rangi, tukawaambia wachore waliyoyaona wakati wa kukimbia, halafu kila mmoja asimame aeleze mbele ya wenzake. Tulikuwa tumesikia kwamba kuongea kunaponya. Wengine walichora nyumba, ng'ombe na barabara. Binti mmoja wa miaka kama kumi alichora mto. Tulipomwita asimame alitetemeka, akajikojolea mbele ya wote. Hakurudi kwa miezi mitatu. Mama yake hakutugombeza, alisema tu: "Mmemwuliza neno ambalo hata mimi sijamwuliza." Tangu siku ile tulianza kujifunza, kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye ujuzi wa kazi hiyo. Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyapata.

Jambo la kwanza litawafariji wengi. Watoto wengi waliopita katika vita hawahitaji tiba ya pekee. Mwanzoni wanaota ndoto mbaya, wanakojoa kitandani, wanamshika mama nguo popote anapokwenda. Lakini wakipata chakula kwa saa inayojulikana, mtu mzima asiyewaacha, shule, na nafasi ya kucheza, hali hiyo hupungua polepole. Kumbukeni nabii Eliya katika 1 Wafalme 19, alipokimbia akalala chini ya mti akitamani kufa. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Maswali yalikuja baadaye sana, mlimani. Sisi tulianza na maswali.

Kwa hiyo mtoto anayekojoa kitandani asichapwe wala asichekwe na ndugu zake. Asiambiwe kwamba ameshakuwa mkubwa. Abadilishiwe nguo bila kelele, basi. Wanaomchapa huongeza hofu ileile iliyoleta shida.

Lakini wako watoto ambao miezi inapita na hawapati nafuu. Anaona tukio lilelile mchana akiwa macho, kana kwamba linatokea sasa. Anakwepa njia, watu au sauti fulani. Anashtuka mlango ukifungwa. Hawezi kusoma, hachezi, au kijana ameanza kunywa pombe na kutafuta ugomvi. Mtoto wa namna hii ana kiwewe kinachohitaji tiba, na hapo ndipo swali la kuchagua linapoingia. (Ikiwa anaanguka na kukakamaa, au anapotewa na fahamu, mpelekeni kwanza kituo cha afya apimwe. Inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa zake.)

Wengi hawajui kwamba tiba moja inayojulikana leo duniani ilijaribiwa papa hapa Nakivale. Inaitwa tiba ya masimulizi. Mshauri hutandaza kamba chini, ndiyo maisha ya mtoto tangu kuzaliwa. Mtoto huweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa uchungu. Halafu, siku baada ya siku, akiwa peke yake na mshauri aliyemzoea, husimulia maisha yake kwa utaratibu, mema na mabaya, hadi leo. Mshauri huandika na kumsomea, na mwisho mtoto hupewa maandishi yake. Lengo ni kwamba lile tukio liwe jambo lililopita, lenye mahali na wakati wake, lisiwe kitu kinachomrukia kila usiku. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya watoto sita Wasomali wa hapa waliopewa tiba hiyo kwa vikao vinne hadi sita, na dalili zao zilipungua. Sita ni wachache, hatuwezi kujenga nyumba juu ya watoto sita. Lakini mwaka 2008 ilifuata kazi kubwa zaidi ya Wanyarwanda na Wasomali 277 wa hapa Nakivale, wengi wao watu wazima. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, si madaktari. Waliopata tiba walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu. Na mwaka 2011 ilichapishwa nyingine ya vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto, ambao walitibiwa kwa njia hiyohiyo nyumbani kwao na watu wa kwao waliofundishwa. Nao pia walifaidika.

Linganisheni hayo na tulivyofanya sisi. Pale mtoto yuko peke yake na mtu mmoja, anaanza na mambo mema, anakwenda kwa hatua, anarudi tena na tena mpaka hofu ishuke. Sisi tulifungua kidonda mbele ya watu arobaini tukaenda kula.

Je, kila mtoto apewe tiba ya masimulizi? Hapana. Iko pia tiba ya vikundi ambayo kwanza inawafundisha watoto kupumua na kutuliza mwili, kisha kuchunguza mawazo yao ("ni kosa langu" ndilo wazo linalorudi sana), na mwishowe kusimulia. Huko kwetu Beni, Kivu ya Kaskazini, ilijaribiwa kwa wasichana 52 walioguswa na ubakaji au unyanyasaji wa kingono na kwa wavulana 50, wengine wao wakiwa wametoka katika vikundi vya silaha. Matokeo yalichapishwa 2013, na makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Wasichana walikuwa na kundi lao, wavulana lao.

Lakini tiba iliyofaa mahali pamoja inaweza isifae pengine. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi iliyofanyika katika kambi mbili za kaskazini mwa Uganda, kwa vijana Waacholi 314 wenye miaka 14 hadi 17. Ugonjwa uliotafutwa pale ulikuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Kundi moja lilikutana kuzungumzia uhusiano wao na watu na misiba yao, kundi la pili lilipewa michezo na sanaa, kundi la tatu lilingoja. Mazungumzo yaliwasaidia wasichana. Kwa wavulana nafuu haikuonekana wazi. Na michezo, ambayo sisi sote tunaipenda na mashirika yanaipenda zaidi kwa sababu inapendeza katika picha, haikuondoa sonona. Hatusemi watoto wasicheze! Wacheze kila siku. Ila mpira usihesabiwe kuwa tiba ya mtoto mgonjwa. Vilevile mwaka 2020, katika kazi iliyohusu yatima 640 wa Bungoma na Moshi, tiba ileile ya vikundi ilionyesha faida Bungoma mjini na vijijini, na mjini Moshi, lakini Moshi vijijini haikuonyesha tofauti kubwa na msaada wa kawaida.

Basi mzazi atazame nini? Kwanza, mtoto huyu ni nani. Wa miaka mitano hawezi kusimulia maisha yake juu ya kamba. Tiba yake kubwa ni mama, na mara nyingi mama ndiye anayepaswa kusaidiwa kwanza. Binti aliyebakwa asikae mbele ya mshauri mwanamume kama hataki. (Na ikiwa jambo limetokea sasa hivi, msingoje somo wala maombi ya Ijumaa: kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia VVU.) Mvulana aliyelelewa kwa lile neno la Wanyarwanda kwamba machozi ya mwanamume hutiririka tumboni, hataongea kwa kuambiwa "toa yote." Huenda akaanza kwa kazi ya mikono kando ya mtu anayemwamini.

Pili, lugha. Hapa tunaishi Wabembe, Wafuliiru, Banyamulenge, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na wengine wetu tulikimbiana. Mtoto akitafsiriwa na mtu wa kabila analoliogopa atasema kidogo, au atasema uongo. Asitafsiriwe na dada yake pia, kwa maana kuna mambo hataki dada ayajue. Mna haki ya kumkataa mkalimani, na mna haki ya kuuliza kama yanayosemwa yatabaki humo ndani.

Tatu, jina la shida. Mnyarwanda husema ihahamuka, kama mtu aliyekosa pumzi kwa hofu. Mwacholi atasema cen, roho za waliouawa. Jirani Msomali atataja majini. Mshauri mzuri hacheki maneno hayo wala hayachukui kuwa yake. Anauliza familia ina maana gani, na kwao mtu wa namna hii husaidiwaje. Nasi Wakristo tuseme wazi: tunawaombea watoto wetu na tutaendelea. Ila kumfungisha mtoto siku tatu, au kumshika kwa nguvu akilia ili pepo litoke, ni kumrudisha mikononi mwa watu waliomshika kwa nguvu. Hilo tusilifanye.

Yako mengine mawili ya kukataa. Kikao kimoja cha kumfanya mtoto asimulie yote mara tu baada ya tukio, halafu mgeni anapanda gari lake, hakiponyi. Pia vidonge: mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wasipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya mshtuko wa tukio baya, wala dawa za sonona kutibu kiwewe chao. Tunajua zinauzwa dukani bila karatasi ya daktari, na mama ambaye hajalala wiki mbili anashawishika. Tunamwelewa. Asizinunue.

Mkifika kwa mshauri, ulizeni mambo haya bila aibu: tiba hii inaitwaje, itachukua vikao vingapi, nani atakuwa chumbani, mzazi atafanya nini, na tukiona mtoto anazidi kuumia tumwone nani? Mtu anayeijua kazi yake hatakasirika.

Binti wa mto alirudi darasani akiwa na mama yake. Tulimwomba msamaha, mama akisikia. Sasa anakaa karibu na mlango, na mlango tunauacha wazi. Mzazi anayetaka mtu wa kumsindikiza kwa mshauri atuone baada ya ibada. Hatutauliza kilichotokea.