Shimo Moja, Petreli wa Aina Mbili

Petreli wa Monteiro ni ndege gani?
Ni ndege mdogo mweusi wa kahawia, mwenye mkanda mweupe juu ya mkia. Uzito wake hauzidi sana gramu 40. Maisha yake ni bahari kuu. Nchi kavu huja kuzaliana tu, tena usiku. Mazalio yake makuu ni Praia na Baixo, visiwa vidogo kando ya Graciosa, Azores, nchini Ureno.

Ni wa ukoo upi?
Yumo katika oda ya Procellariiformes pamoja na albatrosi, ndege wenye pua za bomba. Familia yake ni Hydrobatidae. Vitabu vya zamani vinamweka katika jenasi Oceanodroma, ambayo siku hizi imeunganishwa na Hydrobates.

Mbona alichelewa kutambuliwa?
Kwa sababu anafanana mno na petreli wa Madeira, na wote wawili hutumia mashimo yale yale. Petreli wa Monteiro hutaga majira ya joto. Akishaondoka, mwenzake huingia kutaga majira ya baridi. Kwa macho ungedhani ni ndege mmoja anayezaa mara mbili kwa mwaka. Luís Monteiro, mtafiti wa Azores, alihoji dhana hiyo miaka ya 1990. Alifariki katika ajali ya ndege ya abiria mwaka 1999, na mwaka 2008 wenzake walipoitangaza spishi hii mpya waliipa jina lake. Walitazama vinasaba, vipimo vya mwili na majira ya kubadili manyoya, lakini kwangu mimi ushahidi mtamu kuliko wote ni sauti: ukimchezea ndege aliyemo shimoni mlio wa wale wa msimu mwingine, haujali kama anavyoujali wa wenzake. Kilichowatenganisha ni kalenda, bila mlima wala bahari kati yao.

Analeaje?
Yai ni moja tu kwa msimu. Dume na jike hulilalia kwa zamu. Mmoja yumo shimoni, mwingine yuko baharini akitafuta chakula. Kifaranga hulishwa usiku.

Hatari ni ipi?
Ndege wakubwa humnyang'anya mashimo, kwa hiyo Praia ikawekewa viota vya kutengenezwa, vyenye mlango mwembamba usiowapitisha. Petreli walivikubali. Lakini mlango huo haumzuii mjusi wa Madeira, aliyeletwa Azores na binadamu, ambaye hula vifaranga wachanga. Mimi ningeanza na huyo mjusi.