Mzee Asiyepata Homa

Katika nyumba zetu nyingi, ada ya kumjua mgonjwa ni kumwekea kiganja juu ya paji la uso. Likiwa la moto husemwa anaumwa, na likiwa baridi husemwa ni uchovu tu, aachwe apumzike. Ada hiyo yafaa aghalabu kwa mtoto, lakini kwa mzee aliyepita miaka 70 yaweza kuwa hadaa.

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi, ambayo kazi yake haikudhihirika hata mwaka 1961, alipoibainisha Jacques Miller mjini London. Humo ndimo zinamofunzwa baadhi ya chembe nyeupe za damu, zizaliwazo katika uboho, kumtambua adui na kutomdhuru mwenyeji wao. Baada ya balehe tezi hii husinyaa taratibu, na mahali pake hujaa shahamu. Hivyo mzee, ingawa angali na askari wa zamani wanaoyakumbuka maradhi waliyokwisha kupigana nayo, hupata wachache mno wapya wa kuyakabili maradhi mageni.

Na ya kale nayo huamka. Kirusi cha tetekuwanga ya utotoni hakitoki mwilini, bali hujificha katika mishipa ya fahamu miaka hata 50 au 60, na ulinzi ukilegea huzuka kwa sura ya mkanda wa jeshi: kwanza mwako upande mmoja wa mbavu, kisha malengelenge yaliyofuatana kama mshipi. Si uchawi, wala kwa mzee si lazima iwe dalili ya ukimwi. Twaomba sana jambo hili liaminiwe, kwa maana dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea, na wengi huzimaliza saa hizo kwa kuona haya.

Homa yenyewe ni kazi ya ulinzi wa mwili, na ulinzi uliochoka huenda usiiwashe. Nimonia yaweza kumshika bibi pasi na joto, dalili yake ikawa kikombe cha uji kilichoachwa hadi kikafanya utando, au kumwita mjukuu kwa jina la marehemu nduguye, ilhali jana alimjua, au kuanguka akielekea msalani.

Mwonapo mageuzi ya ghafula namna hiyo, msiseme ni uzee. Mpelekeni zahanati siku ile ile, na aende naye mtu awezaye kumweleza tabibu jinsi alivyokuwa jana.