Stetimenti ya Machi, tarehe za Desemba: kwa nini Excel inachanganya siku na mwezi

Ni Aprili. Umepakua stetimenti ya tili yako ya Machi 2024, ukaibonyeza mara mbili ikafunguka kwa Excel, na ghafla unaona mteja amekulipa tarehe 3 Desemba. Desemba gani hiyo, na hata Pasaka imepita juzi tu?

Pesa yako iko sawa. Shida ni kompyuta. Sisi huku Kenya tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi ndio hutangulia. Kwa hivyo 05/03/2024, yaani tarehe 5 Machi, inasomwa kama Mei 3. Na ikifika 13/03/2024, Excel inakwama kwa sababu hakuna mwezi wa 13, basi inaiacha kama maneno ya kawaida.

Hebu hesabu hasara yake. Kati ya siku 31 za Machi, 11 zinarukia miezi mingine, 19 zinabaki maneno, na moja tu, 03/03, inasomeka vizuri. Ukiiambia Excel ikujumlishie mauzo ya Machi, utapata mauzo ya siku moja! Kama unalipa kodi ya mauzo, TOT, ambayo KRA inaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hiyo si hesabu ya kupeleka.

Utajuaje? Angalia safu ya tarehe. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona zingine kulia na zingine kushoto, ndiyo hiyo. (Alama za ##### ni kitu kingine kabisa: safu ni nyembamba, ipanue tu.)

Wengi hukimbilia kubadilisha mwonekano wa tarehe. Haisaidii. Ndani yake Excel huweka tarehe kama hesabu ya siku kuanzia mwaka 1900: 5 Machi 2024 ni 45356, na 3 Mei ni 45415. Ikishahifadhi 45415, utabadilisha mavazi lakini itabaki Mei. Kurekebisha moja moja kwa mkono nako, tafadhali usijaribu, utakesha.

Funga hiyo faili bila kuihifadhi, kisha urudi kwa ile uliyopakua. Badilisha mwisho wa jina lake kutoka .csv hadi .txt. Sasa fungua Excel yenyewe kwanza, bonyeza “File”, “Open”, halafu uichague. Excel itakuuliza maswali hatua kwa hatua. Ya kwanza, chagua “Delimited”. Ya pili, weka alama kwa “Comma”. Ya tatu ndiyo muhimu: bonyeza safu ya tarehe, chagua “Date”, kisha “DMY”, yaani siku, mwezi, mwaka. Maliza na “Finish”.

Panga tarehe kuanzia ya zamani. Ya kwanza ikiwa ni ya mwanzo wa Machi na ya mwisho haivuki 31 Machi, na zote ziko kulia, uko sawa, sasa jumlisha.

Unatumia Google Sheets? Kabla ya kuingiza faili, nenda “File”, “Settings”, na kwa “Locale” uchague United Kingdom, kwa sababu Waingereza nao huanza na siku.

Na kama uko saiba, futa faili kabla hujatoka. Ina majina ya wateja wako.