SOMO: MASHIMO YALIYOLETA TUZO

Leo tutasoma juu ya tuzo, yaani zawadi ya heshima anayopewa mtu kwa kazi njema.

Tuzo hii inaitwa Right Livelihood. Ilianzishwa mwaka 1980 na Bwana Jakob von Uexkull. Aliuza stempu zake za posta zenye thamani, fedha akazitia katika tuzo. Hutolewa huko Sweden kwa watu wanaotatua matatizo ya dunia kwa vitendo, siyo kwa maneno matupu. Mama Wangari Maathai wa Kenya aliipata mwaka 1984 kwa kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini.

Mwaka 2018 mkulima mmoja alikuwa miongoni mwa waliopewa. Ni Mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso. Ukame ulipowapiga, ardhi ya kwao ilikuwa ngumu kama sakafu. Wengi walihama. Yeye alibaki na jembe lake. Je, alifanyaje?

1. Wakati wa kiangazi alichimba mashimo madogo, upana wa shubiri moja hivi. Kwao huitwa zai. Ni ujuzi wa wazee, yeye akauongeza.

2. Alitia samadi na majani ndani yake. Mchwa wakaja, wakatoboa udongo. Kumbe mchwa naye ana kazi!

3. Alipanga mistari ya mawe shambani ili maji yasikimbie.

4. Mvua ilikuta mashimo tayari. Maji yakazama, mtama na uwele ukaota.

Katika samadi mlikuwa na mbegu za miti pia. Miche ilipoota hakuing'oa, aliitunza. Watu walimwita mwenda wazimu. Hata msitu wake ulichomwa moto. Basi alikata tamaa? La, alipanda tena. Msitu ukafika hekta 40 hivi, na wakulima wengine wakaja kujifunza kwake. Mzee huyu alifariki mwaka 2023, lakini ujuzi wake ungalipo.

Tukumbuke: zai hufaa penye mvua haba. Mahali panapotuama maji, mazao yataoza.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini alichimba kabla ya mvua?
2. Hapa kijijini petu, maji ya mvua yanakwenda wapi?
3. Je, yuko mtu tunayemcheka leo, kumbe ana jambo la kutufundisha?