Jifunze Kupima Mtandao wa Simu Kijijini Mwako

Mkaazi anaposema barazani kwamba "huku kwetu mtandao ni mbaya", huenda anazungumzia mojawapo ya shida tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Tukiomba dawa isiyofaa, tutangoja mnara mpya miaka kadhaa kumbe kilichohitajika ni betri katika mnara uliopo. Somo la toleo hili linaeleza namna ya kutambua shida ya eneo lako kwa vipimo, namna ya kujua kama mnara wa karibu umeboreshwa, na mahali pa kupeleka ushahidi wako.

Jambo hili linatugusa sote. Zahanati huhitaji intaneti ili kuthibitisha usajili wa mgonjwa katika SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mzazi huhitaji eCitizen ili kuomba cheti cha kuzaliwa. Mkulima wa nyanya na ndizi hupokea oda na malipo kwa simu.

Shida tatu zinazofanana

Shida ya kwanza ni mawimbi kutofika. Taita Taveta ina eneo la kilomita za mraba 17,084, na sensa ya 2019 ilihesabu wakaazi 340,671. Hao ni watu kama 20 kwa kila kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mbuga za Tsavo. Mnara mmoja nyikani huweza kuhudumia watu wachache sana, kwa hivyo kampuni husita kuujenga. Juu milimani, ambako Vuria hufika mita 2,208, watu ni wengi lakini migongo ya milima huziba mawimbi. Nyumba mbili zinazotazamana bondeni zinaweza kupata huduma tofauti kabisa. Dawa ya shida hii ni mnara mpya, au antena inayoelekezwa upande uliosahaulika.

Shida ya pili ni mnara kulemewa. Mawimbi yanafika vizuri na vijiti kwenye simu vimejaa, lakini ukurasa haufunguki. Watumiaji wa mnara mmoja hugawana uwezo wake, jinsi watu wanavyogawana maji ya bomba moja. Siku ya soko, au saa mbili usiku kila mtu akiwa nyumbani, kila mmoja hupata kidogo. Wakati mwingine kinacholemewa ni njia inayobeba data kutoka mnarani hadi kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Dawa ni kuuboresha mnara uliopo: kuuongezea masafa, kuufungia mitambo ya 4G au 5G, au kuufikishia faiba.

Shida ya tatu ni mnara kuzimika. Stima ikipotea, mnara hutegemea betri au jenereta. Betri zikichoka, huduma hukatika hadi stima irudi. Dawa hapa ni umeme wa akiba, kwa mfano betri mpya au sola.

Nambari nne za kuandika

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm na huandikwa kwa alama ya kutoa. Kadiri nambari inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri, na ukishuka chini ya -110 utaanza kupata taabu. Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Nambari hii ina manufaa kuliko vijiti, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu huhesabu vijiti kwa njia yake.

Kasi ya kupakua ni kasi ya kuleta data kwenye simu yako, kama vile kutazama video. Kasi ya kupakia ni ya kutuma, kama vile kupeleka picha au fomu. Zote mbili hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps.

Usichanganye megabiti na megabaiti. Bando huuzwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Faili ya megabaiti 20 ni megabiti 160. Kwa kasi ya Mbps 4, itachukua sekunde 40 kufika.

Nambari ya nne ni muda wa mwitikio, unaohesabiwa kwa milisekunde. Huu ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Ukiwa mrefu, simu ya video hukatakata hata kama kasi ya kupakua si mbaya.

Namna ya kupima

Programu kama Speedtest, Opensignal na nPerf hupatikana bila malipo na hutoa kasi na muda wa mwitikio kwa pamoja. Hata hivyo, kupima kunakula bando. Jaribio la sekunde 10 kwa kasi ya Mbps 40 hutumia megabiti 400, yaani megabaiti 50, tena kwa kupakua pekee. Kwa hivyo panga vipimo vyako hivi:

1. Zima Wi-Fi, na ufunge programu nyingine zinazotumia data.
2. Simama mahali pamoja kila mara, nje ya nyumba. Mabati na kuta nene hupunguza mawimbi.
3. Pima mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku.
4. Andika tarehe, saa, mahali, kampuni ya laini, herufi zinazoonekana juu ya skrini (E, 3G, H, 4G au 5G) na zile nambari nne.
5. Mtandao ukikatika kabisa, andika saa ulipokatika, saa uliporudi, na kama stima ilikuwepo.
6. Rudia kwa wiki mbili. Kipimo kimoja hakithibitishi lolote, kwani huenda ni mvua au msongamano wa saa moja.

Ikiwa data haipatikani, jaribu *334# ya M-Pesa au salio la laini yako, kisha uandike kama imejibu. Huduma hizo za nyota na reli hazihitaji bando, na hufanya kazi hata kwenye 2G. Zikijibu, mnara unafanya kazi na shida iko upande wa intaneti.

Kwa wakaazi wa Taveta walio karibu na mpaka: kabla ya kupima, tazama jina la mtandao kwenye skrini. Simu inaweza kushika mnara wa Tanzania. Ukipima hapo, utakuwa umepima mtandao wa nchi jirani na huenda ukatozwa gharama za kuutumia.

Kusoma daftari lako

Tuchukue mfano wa madaftari matatu. La kwanza linaonyesha -84 dBm kila saa, lakini kasi ni Mbps 18 asubuhi, 9 mchana na 1.5 usiku. Mawimbi hayajabadilika ila kasi imeanguka: mnara umelemewa. La pili linaonyesha -117 dBm na kasi chini ya Mbps 1 asubuhi, mchana na usiku: mawimbi hayafiki ipasavyo. La tatu lina kasi nzuri siku zote, isipokuwa siku nne ambapo huduma ilikatika saa tatu baada ya stima kupotea: mnara hauna umeme wa akiba wa kutosha.

Kabla ya kulaumu mnara, linganisha simu yako na ya jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo. Simu ya 3G haitaona 4G hata mnara ukiboreshwa, na laini ya zamani inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Utajuaje mnara umeboreshwa?

Kuwaona mafundi juu ya mnara hakutoshi. Huenda wanarekebisha tu. Ishara za kweli ni hizi: herufi mpya inaonekana mahali pale pale, kwa mfano H imekuwa 4G, nguvu ya mawimbi imepanda na kubaki juu, au kasi ya saa mbili usiku imekaribia ile ya alfajiri. Ndiyo maana vipimo vya kabla vina thamani. Bila hivyo huna cha kulinganisha.

Masafa nayo yana tofauti. Masafa ya chini, kama 700 na 800 MHz, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama 2,600 MHz, hubeba data nyingi lakini hayaendi mbali. Kwa hivyo 5G mjini Voi haimaanishi kwamba kijiji cha nyuma ya mlima kitaipata kutoka mnara huo huo.

Peleka wapi ushahidi?

Kwa mujibu wa Katiba, mawasiliano ya simu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi leseni za masafa wala haimiliki minara ya kampuni. Jukumu letu ni upangaji. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kujenga mnara huomba kibali cha kaunti. Masuala ya mazingira husimamiwa na NEMA.

Anza na kampuni yako ya simu. Wape muhtasari wa daftari na uombe nambari ya lalamiko. Wasipotatua, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, pamoja na nambari hiyo. Ikiwa eneo lako halina mawimbi kabisa, andikeni kwa pamoja kama kijiji, mkitaja kata ndogo, shule na zahanati zilizopo. CA ndiyo husimamia Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni haziyaoni kuwa na faida. Nakala mpe msimamizi wa wadi, ili maombi kutoka wadi zote 20 yaweze kulinganishwa.

Ukitaka kujua kama kibali cha mnara kimeombwa katika eneo lako, una haki ya kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21.

Zoezi la wiki mbili

Chagueni watu watatu kijijini: mmoja karibu na zahanati, mmoja sokoni na mmoja ng'ambo ya mlima au bonde. Kila mmoja apime mara tatu kwa siku kwa siku 14. Mtakuwa na vipimo 126. Viwekeni kwenye karatasi moja na muamue pamoja: je, mawimbi hayafiki, mnara umelemewa, au mnara unazimika? Katika baraza lijalo, ombi lenu litaje shida hiyo kwa jina na dawa yake.