SOMO: PAWA SAPLAI YENYE WAYA ZA KUCHOMOA, AU ISIYOCHOMOKA?



Siku hizi vikundi vingi vya vijana na vya akina mama vina kompyuta. Kituo kina mashine nne au sita, vijana wanajifunzia hapo, na mwekahazina ameweka humo humo hesabu ya akiba na mikopo ya wanachama. Siku moja mashine inakataa kuwaka. Fundi anafungua, anaangalia, anasema: "Pawa saplai imekufa, leteni pesa ya nyingine." Mkifika dukani mnaulizwa: mnataka ya modula au ya kawaida? Wengi hapo hunyamaza, na muuzaji huwachagulia.

Lengo la somo. Tukimaliza, kila mshiriki aweze: (a) kutofautisha aina tatu za pawa saplai, (b) kueleza kwa nini waya za moja hazichomekwi kwa nyingine, (c) kusaidia kikundi kununua kwa busara.

1. PAWA SAPLAI NI KITU GANI?

Ni lile sanduku dogo la chuma lenye feni, lililo ndani ya sanduku la kompyuta (lile ambalo wengi wetu huliita CPU), pale nyuma mnapochomeka waya ya stima. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240. Kompyuta haiwezi kula stima kali namna hiyo. Inataka volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai ndiyo inayopunguza na kugawa. Waya kubwa yenye pini 24 inaenda kwa madabodi, yaani ule ubao mkubwa. Yenye pini 4 au 8 inalisha prosesa. Nyingine zinaenda kwa diski. Mashine yenye kadi kubwa ya picha huongezewa waya za pini 6 au 8.

2. AINA TATU

Isiyochomoka: waya zote zimetoka ndani ya sanduku moja kwa moja. Hata zile msizozihitaji ziko pale.

Nusu modula: waya ya madabodi na ya prosesa zimeshikamana na sanduku, kwa sababu kila kompyuta inazihitaji. Zilizobaki zinachomoka.

Modula kamili: sanduku lina matundu tu, na waya zote huja kando kwenye mfuko. Unachomeka zile unazohitaji.

3. FAIDA NA HASARA

Ya kuchomoa ni nadhifu. Ndani ya kompyuta hakuna kichaka cha waya, na kusafisha vumbi ni rahisi. Ikiwa sanduku ni dogo, au mashine ina vifaa vingi, faida hiyo mtaiona. Waya moja ikiharibika, unaweza kuibadilisha peke yake, mradi upate ile ya modeli hiyo hiyo. Hasara yake ni bei kubwa zaidi, na waya kupotea.

Isiyochomoka ni ya bei nafuu, na waya zake haziwezi kupotea wala kuchanganywa. Zile za ziada mnazikunja, mnazifunga na kamba ya plastiki, na kuhakikisha hazigusi feni. Kwa kompyuta ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, unadhifu wa waya hauongezi kasi hata kidogo.

Tena tusidanganyike: kuchomoka kwa waya si alama ya ubora. Kuna isiyochomoka iliyo nzuri sana, na kuna ya modula iliyo hafifu.

4. HATARI AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Hapa naomba tusome polepole. Upande wa waya unaoingia kwa diski au madabodi una mpangilio unaojulikana, mmoja kwa watengenezaji wengi. Lakini upande unaoingia kwa pawa saplai ya modula hauna mpangilio wa pamoja. Kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja yaweza kubadilisha kutoka modeli moja hadi nyingine. Shida ni kwamba plagi inaweza kuingia vizuri kabisa, hata ikalia "tik", na bado pini ziwe zimepishana.

Tuchukue mfano. Kikundi kina pawa saplai mbili za modula, za kampuni mbili. Waya za akiba zimetupwa pamoja kwenye droo moja. Kijana anataka kuongeza diski, anachukua waya iliyo karibu, inaingia, anawasha. Pale diski ilipongojea volti 5, inapokea volti 12. Mara nyingi inaungua papo hapo. Diski mpya inanunulika, lakini hesabu ya akiba ya miaka mitatu hainunuliki. Mama aliyelipa mkopo wake wote atathibitisha vipi? Ugomvi unaingia kwa kikundi, na chanzo ni waya moja.

Wala macho hayatawasaidia sana. Zamani rangi zilisaidia: manjano volti 12, nyekundu volti 5, rangi ya machungwa volti 3.3. Siku hizi waya nyingi za modula ni nyeusi tupu.

Kwa hivyo kanuni ni hii: KILA PAWA SAPLAI NA WAYA ZAKE. Wekeni zile za akiba kwenye mfuko wake, andikeni juu kampuni, modeli na namba ya kompyuta. Waya isiyojulikana ilikotoka isichomekwe. Na daftari la hesabu, au nakala kwenye diski nyingine, lisikosekane.

5. KABLA YA KUTOA PESA

Fungueni kompyuta kwanza. Mashine nyingi za mitumba zilizotoka maofisini zina pawa saplai za umbo na plagi za kwao wenyewe. Ya kawaida ya dukani haitaingia. Bebeni ile mbovu mkalinganishe.

Angalieni swichi ya volti. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye 115 na 230. Hapa kwetu ni lazima iwe 230. Ikiachwa 115, itaungua mkiwasha.

Someni kibandiko, msiamini namba kubwa pekee. Tafuteni mstari wa volti 12, mzidishe volti kwa ampea. Kikisema ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216, hata kama nje imeandikwa 500. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha kwa kawaida haifikishi wati 100, kwa hivyo msilipie wati za bure.

Tafuteni alama ya 80 PLUS. Inahusu kiasi cha stima kinachopotea kama joto. Tuseme kompyuta inahitaji wati 60. Pawa saplai inayofikisha asilimia 80 itavuta wati 75 ukutani; ya asilimia 90 itavuta kama 67. Tofauti ni wati 8. Kwa mashine sita, saa nane kwa siku, siku 25, ni karibu uniti 10 za stima kila mwezi. Linganisheni na bei, kisha muamue.

Ikiwa ni ya modula ya mitumba, isinunuliwe bila waya zake zenyewe. Chukueni risiti na mkataba wa waranti.

Onyo: msifungue sanduku la pawa saplai lenyewe. Ndani kuna vifaa vinavyoshika stima hata baada ya kuchomoa plagi.

6. BASI TUCHAGUE IPI?

Kwa kituo chenye mikono mingi, ambapo leo anashika huyu na kesho yule, isiyochomoka ya kampuni inayoaminika ndiyo inayofaa zaidi. Pesa iliyobaki iongezwe kwenye ubora. Nusu modula ni sawa ikiwa sanduku ni dogo. Modula kamili tumwachie mwenye mashine kubwa, au kituo chenye mtu mmoja wa kutunza vifaa na daftari lake.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nani kati yetu anatunza waya na vifaa vya akiba? Ameandika wapi?
2. Diski ikiungua leo, hesabu za wanachama tutazipata wapi?
3. Tumewahi kununua kitu kwa sababu kilionekana kizuri, bila kujua kazi yake? Tulijifunza nini?

Kazi ya wiki: Kila kikundi kifungue droo ya waya, kitenganishe zinazojulikana na zisizojulikana, na kuziandika.