Sindano ya Sukari na Mchumaji wa Karafuu

Wanachama wenzetu, msimu uliopita kijana mmoja jamaa yetu alivuka kutoka Wazo, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuja kutusaidia kuchuma. Ana maradhi ya sukari, na kila siku hujipiga sindano ya insulini. Asubuhi moja alijipiga, akapanda mkarafuu kabla ya kula. Punde akatetemeka, jasho likamtoka, na maneno yake hayakueleweka. Sisi tukadhani shetani. Mzee mmoja akaagiza chetezo. Bahati alikuwa tawi la chini.

Tumeona basi tulieleze jambo hili. Nyuma ya mfuko wa chakula pana kiungo kiitwacho kongosho. Muhogo na wali tulao hugeuka sukari ndani ya damu, na kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari mlango iingie mwilini iwe nguvu. Ikikosekana, sukari hujaa katika damu na kutoka na mkojo. Mtu huwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, na hukonda hali anakula.

Zamani mtoto aliyekosa insulini alikufa tu. Mwaka 1921 Banting na Best, huko Toronto, Kanada, waliipata katika kongosho za mbwa, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson alipigwa sindano, akaishi miaka 13 zaidi. Hainywewi, maana tumbo huisaga kama chakula.

Watu wazima wengi wanayo insulini ila haifanyi kazi vyema, na hao huanzia vidonge na kuangalia chakula. Lakini aliyeandikiwa sindano asiiache kwa sababu ya mitishamba, wala kwa karafuu zetu. Tungependa kuziuza kwa dawa hiyo, lakini sivyo.

Turudi kwenye mkarafuu. Sindano huishusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na kazi ya kupanda huishusha zaidi. Basi mwenye sindano ale kwanza, awe na sukari mfukoni, na mwenziwe ajue. Akitetemeka ateremke, anywe vijiko 3 vya sukari katika maji. Robo saa ikipita bila nafuu apewe tena, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali upesi.

Na kambini pasipo umeme, kichupa kifungwe ndani ya chombo kikavu, kiwekwe katika chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, kivulini, mbali na majamvi ya kuanikia.